Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo: funguo za simu zetu zirudi nyumbani

Waheshimiwa wajumbe wa Baraza la Chuo, Makamu Mkuu wa Chuo, Mkurugenzi wa TEHAMA na Mkuu wa Kitengo cha Ununuzi,

Muda si mrefu mtaletewa mezani mkataba mpya wa mtambo wa simu na ujumbe wa sauti, muusaini kwa miaka mitano mingine. Nawaomba msiusaini kama ulivyo. Ongezeni mwaka mmoja tu, na ndani ya mwaka huo mturuhusu sisi mafundi wenu tuuhamishie ujumbe wa sauti kwenye programu huria, yaani programu ambayo msimbo wake, maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa kila mtu kuusoma na kuubadilisha. Simu zenyewe zifuate baadaye, jengo baada ya jengo. Ombi langu ni hilo. Nimekwisha kuliandika mara mbili kwa njia za ndani, na mara zote mbili liliishia kwenye jalada, ndiyo maana leo naliandika hadharani.

Mimi ni fundi wa simu wa chuo hiki kwa miaka 14. Siri ya mtungi aijuaye kata. Chumba cha mtambo nakijua kwa mvumo wake. Feni moja ikianza kuchoka naisikia kabla taa ya onyo haijawaka. Nyaya zilizofungwa vibandiko vyenye mwandiko wa mafundi waliostaafu kabla sijaajiriwa, najua kila mmoja unaishia mlango upi. Siuchukii mtambo huo. Umefanya kazi kwa uaminifu. Ninachokipinga ni kwamba hatuumiliki, ingawa tuliununua.

Niwaeleze siku niliyolielewa hilo.

Ilikuwa wiki ya usajili wa wanafunzi wapya. Diski ya mashine ya ujumbe wa sauti ilikufa usiku. Diski kufa si jambo la ajabu, kila diski ina siku yake, na nilikuwa nimejiandaa: kabatini nilikuwa na diski mpya, na nakala ya akiba ilikuwa imechukuliwa saa chache tu kabla. Nikafunga diski, nikarudisha nakala, nikawasha. Mashine ikaamka, ikajikagua, kisha ikagoma. Leseni yake ilikuwa imefungamanishwa na namba ya utambulisho ya diski ya zamani. Ilitaka ufunguo mpya, na ufunguo hutolewa na mtengenezaji peke yake, kupitia kwa wakala, baada ya kuthibitishwa kwamba ada ya matengenezo imelipwa. Tulikuwa tumelipa. Ufunguo ulikuja baada ya siku 11.

Kwa siku 11, mzazi au mwanafunzi aliyepiga simu ofisi ya udahili akakuta laini zina watu alisikia mlio mtupu hadi akakata. Hilo mlilisikia, maana malalamiko yalifika hadi juu. Kuna jingine ambalo hamkulisikia.

Siku ya tatu, mshauri wa wanafunzi alishuka hadi chumbani kwangu. Namba yake ya ofisini ndiyo iliyobandikwa mabwenini, na usiku, asipokuwepo, wanafunzi humwachia ujumbe. Wapo wanaoona haya kuja mchana kweupe. Huanza kwa kuzungumza na mashine. Aliniuliza kama ujumbe wa usiku ule umepona. Nikamwonyesha kwenye skrini. Mafaili saba, yote mazima, kila moja na tarehe na saa yake. Sita yalikuwa madogo. La saba lilikuwa kubwa kuliko yale sita yakijumlishwa pamoja. Kuna mtu alizungumza kwa muda mrefu sana usiku ule, na hatukuweza kumsikia, kwa sababu sauti ilikuwa imehifadhiwa katika muundo ambao hufunguliwa na programu ya mtengenezaji tu, na programu ya mtengenezaji ilikuwa inangoja ufunguo. Tulikaa pale, mimi na yeye, tukilitazama jina la faili.

Ufunguo ulipofika aliwasikiliza wote na kuwapigia. Walisema nini sijui, wala haikuwa haki yangu kujua. Ninachokijua ni kwamba sauti ya mwanafunzi wetu, iliyorekodiwa ndani ya jengo letu, kwenye diski iliyonunuliwa kwa fedha za chuo, ilikuwa chini ya kufuli la mtu mwingine, na mtu huyo hakuwa na sababu ya kuharakisha.

Sasa tuchukue mkasa huohuo uwe umetokea kwenye Asterisk, mtambo wa simu wa programu huria ninaoupendekeza. Ujumbe wa sauti kule hukaa kwenye folda ya kawaida iitwayo /var/spool/asterisk/voicemail. Kila kisanduku kina folda yake, na ujumbe wa kwanza mpya utaukuta ndani ya INBOX kwa jina la msg0000.wav. Ubavuni mwake kuna faili dogo la maandishi, msg0000.txt, lenye namba ya aliyepiga, wakati alipopiga na idadi ya sekunde alizozungumza. Hakuna zaidi. Faili la wav linachezwa na kompyuta yoyote iliyotengenezwa miaka 20 au 30 iliyopita, hata na simu ya mkononi. Mashine ikifa, nachukua nakala ya jana naiweka kwenye mashine nyingine yoyote iliyopo, iwe hata ile iliyotolewa maabara ya wanafunzi kwa uzee, napakua programu, narudisha mipangilio, na kazi inaendelea siku hiyohiyo. Hakuna wa kumwomba ruhusa.

Kuna atakayeuliza: basi kama faili linafunguliwa na kompyuta yoyote, siri ya yule mwanafunzi iko wapi? Swali hilo ni la haki na nimelifikiria sana. Jibu ni kwamba muundo wa siri wa mtengenezaji haukuwahi kumlinda mwanafunzi yeyote. Fundi mwenye nenosiri la mashine ile angeweza kusikiliza alichotaka siku zote leseni ilipokuwa hai. Kinacholinda siri ni ruhusa za mafaili, usimbaji wa diski (kuifanya isisomeke bila ufunguo) na kumbukumbu ya nani aliingia lini, na hayo yote tunaweza kuyaweka na kuyakagua wenyewe tukiwa na mtambo ulio wazi. Asterisk inaweza pia kumtumia mwenye kisanduku ujumbe wake kama kiambatisho cha barua pepe. Kwa ofisi ya udahili hilo ni jambo jema. Kwa mshauri wa wanafunzi nitalizima, na kisanduku chake kitakaa peke yake. Uamuzi wa namna hiyo unapaswa kuwa wa chuo.

Programu hizi si mambo ya kubahatisha, na historia yake iko karibu na sisi kuliko mnavyodhani. Asterisk iliandikwa mwaka 1999 na Mark Spencer, kijana aliyekuwa akisoma uhandisi wa kompyuta Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama. Alikuwa na biashara ndogo ya kuwasaidia watumiaji wa Linux, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, akahitaji mtambo wa simu, akaona bei, akashindwa. Akaamua kuuandika mwenyewe na kuutoa chini ya leseni ya GPL, inayompa kila mtu haki ya kuutumia, kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza. Itifaki ya SIP, ambayo ndiyo lugha simu za siku hizi hutumia kuitana kwenye mtandao, ina mkono wa Henning Schulzrinne wa Chuo Kikuu cha Columbia; toleo lake linalotumika hadi leo, RFC 3261, lilitoka Juni 2002. Kamailio, programu inayoweza kuelekeza simu nyingi mno kwa mashine moja, chimbuko lake ni taasisi ya utafiti ya Fraunhofer FOKUS mjini Berlin. Jitsi, programu ya mikutano ya video, ilianza mwaka 2003 kama kazi ya mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Strasbourg. BigBlueButton, inayotumika kwa mihadhara ya mtandaoni, ilianzia Chuo Kikuu cha Carleton, Kanada, mwaka 2007.

Mnaona mfululizo huo. Maarifa haya yalizaliwa vyuoni, yakaachwa wazi kwa makusudi ili wengine wayatumie. Na sisi, chuo kikuu chenye idara ya sayansi ya kompyuta, tunalipa kila mwaka ili tusiruhusiwe kutazama ndani ya mtambo wetu.

Wala hatutakuwa wa kwanza. Chuo Kikuu cha Sam Houston State, Texas, kilihamishia maelfu ya simu zake kwenye Asterisk katikati ya miaka ya 2000, wakati programu hiyo ilikuwa changa mno ikilinganishwa na ya leo. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilianzia kwenye ujumbe wa sauti, njia ileile ninayowaomba tuipite.

Najua hoja itakayoletwa mbele yenu, kwa kuwa nimeisikia kila mara: kampuni kubwa ni salama, itakuwepo kesho. Nortel ya Kanada ilikuwa miongoni mwa majina makubwa kabisa ya simu duniani. Januari 2009 iliomba hifadhi ya mahakama dhidi ya wadai wake, na mwaka huohuo kitengo chake cha simu za maofisini kikauzwa kwa Avaya, kampuni nyingine ya mitambo ya simu. Avaya nayo ikaomba hifadhi ya namna hiyohiyo Januari 2017, kisha tena Februari 2023. Mitel, ya biashara hiyohiyo, ikafuata Machi 2025. Siyasemi haya kwa kuzidharau kampuni hizo, zilitengeneza mitambo imara na wahandisi wao nawaheshimu. Nasema tu kwamba ahadi ya kuwepo kesho hakuna awezaye kuitoa. Na si lazima kampuni ianguke ndipo uumie. Microsoft haikuanguka, ila ilipotoa Exchange Server 2019, programu yake ya seva ya barua pepe, iliuondoa kabisa uwezo wa ujumbe wa sauti uliokuwa ndani ya matoleo yaliyotangulia. Waliokuwa wameweka visanduku vyao pale, na wanataka kubaki na seva zao wenyewe, ikawabidi watafute pa kwenda.

Programu huria nazo hubadilisha wamiliki. Digium, kampuni aliyoianzisha Spencer, ilinunuliwa na Sangoma mwaka 2018. Tofauti ni hii: msimbo uliokwisha kutolewa kwa GPL haurudishwi kabatini. Mwenye mradi akielekea kusikofaa, watumiaji huuchukua na kuendelea nao, na imekwisha kutokea. Mwaka 2005 baadhi ya waandishi wa ile programu ya awali ya Berlin, iliyoitwa SER, walijitenga na kuanzisha OpenSER, ambayo mwaka 2008 ilichukua jina la Kamailio, na inaishi hadi leo. Sijasikia chuo kilichozimiwa simu kwa sababu ya mtengano huo.

Wapo wanaopendekeza turuke hatua hii yote, tukodi huduma ya simu kwenye wingu na kulipa kila mwezi kwa kila mtumiaji. Kwa ofisi ya watu kumi ningekubali bila ubishi. Kwa chuo, hapana. Hesabu ya kila kichwa kila mwezi hukua na idadi ya watu, haikomi, na kufuli linabaki palepale, ila sasa liko mbali zaidi na sisi. Halafu kuna jambo la kiufundi ambalo waleta vipeperushi hawaligusi. Kiungo cha intaneti kikikatika, simu zilizo kwenye wingu hukatika nazo, hata ya kutoka zahanati ya chuo kwenda lango la walinzi, mita 200 tu. Mtambo ukiwa ndani ya chuo, simu za ndani zinaendelea kulia hata dunia yote ya nje ikiwa kimya. Simu moja ya kawaida kwa kodeki ya G.711, njia ya kugeuza sauti kuwa data, inatumia kilobiti 64 kwa sekunde kwa kila upande, na ukiongeza vichwa vya pakiti, yaani anwani zinazobandikwa kwenye kila kifurushi cha data, haifiki hata kilobiti 100. Mtandao wetu wa ndani haulisikii zigo hilo.

Niruhusuni niseme na la lugha, maana linaniuma kila siku. Mtambo tulionao una sauti ya Kiswahili. Mwenye kisanduku akiingia husikia: "Una tatu ujumbe mpya." Idadi imetangulia jina, kama maneno yaliyookotwa mmojammoja na kupangwa na mtu asiyeijua lugha. Ukiwa mmoja tu, husema "una moja ujumbe". Hayo mtu anaweza kuyavumilia. Lakini ujumbe ulioachwa saa tatu asubuhi mashine huutangaza kuwa uliachwa saa tisa asubuhi, kwa kuwa aliyeitafsiri alitafsiri namba badala ya saa. Kwa kuwa saa tisa si asubuhi, mhadhiri mmoja alidhani amepigiwa alasiri ya jana yake, akampigia mwanafunzi akimlaumu kwa kusema uongo. Tulimwandikia wakala kuhusu kasoro hiyo. Jibu likawa kwamba lugha ni sehemu ya bidhaa na haibadilishwi na mteja.

Kwenye Asterisk sauti zote za maelekezo ni mafaili unayoweza kuyarekodi upya, na utaratibu wa kutamka idadi na saa umo ndani ya msimbo, unasomeka, unarekebishika. Tungekaa na watu wa Idara ya Kiswahili, tukaandika "ujumbe mmoja", "jumbe tatu", "saa tatu na nusu asubuhi", tukarekodi kwenye studio ya Idara ya Mawasiliano kwa sauti ya mtu anayeijua lugha yake. Kisha tukawapa na wengine wenye haja nayo. Kazi ya wiki mbili, pengine tatu. Kwa mtambo wa sasa, fedha zote za chuo haziwezi kuninunulia ruhusa ya kulirekebisha neno moja.

Sitaki mfanye uamuzi huu mkidhani ni bure. Leseni ni bure. Kazi si bure. Asterisk hutoa toleo la muda mrefu linalopata marekebisho kamili kwa miaka 4 na viraka vya usalama kwa mwaka 1 zaidi, kwa hiyo lazima kuwe na mtu wa kulihamisha kabla muda haujaisha. Nahitaji wenzangu wawili waliofunzwa vizuri, si mmoja, kwa sababu fundi mmoja anayejua kila kitu ni hatari ileile ya mtengenezaji mmoja. Akiugua, chuo kinaugua naye. Fedha itakayookolewa kwenye leseni naomba sehemu yake kubwa iende kwa watu hao. Msiyachukue mapendekezo haya kama njia ya kupunguza mafundi. Mkifanya hivyo yatashindwa, na itasemwa kuwa programu huria ndiyo iliyoshindwa.

Hatari kubwa kuliko zote ni wizi wa simu. Mtambo wowote wa SIP unaoonekana kwenye intaneti hubishiwa hodi mfululizo kwenye mlango wa mtandao namba 5060 na programu za wezi zinazotafuta namba ya ndani yenye nenosiri dhaifu. Niliwahi kuiweka mashine ya majaribio nje kwa makusudi ili nione. Sikuwa nimemaliza kukaza skrubu za kabati wakati majaribio ya kwanza yalipoingia: namba 100, kisha 101, kisha 102, kila moja ikijaribiwa nenosiri lililo sawa na namba yenyewe. Wakipata upenyo hupiga usiku kucha namba za nje za bei ghali ambazo wao wenyewe hugawana mapato yake, na bili inakuja kwako. Mitambo iliyofungwa nayo hupatwa na haya, hasa kupitia visanduku vya sauti ambavyo wenyewe hawakubadilisha namba ya siri ya kuanzia. Kinga inajulikana: seva isionekane nje pasipo sababu, mawasiliano yapite kwa TLS na sauti kwa SRTP, njia mbili za kuyasimba yasisomwe wala kusikilizwa njiani, simu za kimataifa zifungwe kwa chaguo-msingi na kufunguliwa kwa ofisi zinazozihitaji, na kuwe na kikomo cha gharama ambacho kikifikiwa mtambo unakata na kuniamsha usingizini. Mambo hayo yaandikwe kuwa kanuni za chuo tangu siku ya kwanza, kwa sahihi yenu.

Umeme ni suala jingine. Simu ya zamani ya analogi hupata umeme wake, volti 48, kutoka kwenye mtambo kupitia waya uleule wa sauti, ndiyo maana jengo likizimika bado inalia. Simu ya mtandao hupata umeme kutoka kwenye swichi ya mtandao ya jengo, kifaa kinachounganisha nyaya zake. Swichi isipokuwa na betri, umeme ukikatika simu imekufa, na pengine huo ndio wakati mtu anaihitaji kuliko wakati wowote. Kwa hiyo hakuna jengo litakalohamishwa kabla swichi zake hazijawekewa umeme wa akiba. Lifti, kengele za moto na laini ya zahanati zitabaki kwenye waya wa analogi hadi mwisho kabisa, na zitahamishwa mmoja wetu akiwa amesimama pale anapiga na kujibiwa. Vilevile mtu akipiga namba ya dharura, walinzi wajue yuko chumba gani. Simu ya mtandao inaweza kuchomolewa ofisi moja na kuchomekwa nyingine, hivyo orodha ya mahali lazima ifungwe kwenye tundu la ukutani.

Mkubali au mkatae mengine yote, kuna jambo moja linaloweza kuanza kesho bila gharama yoyote. Kitengo cha Ununuzi kiongeze sentensi hii kwenye zabuni zote: simu yoyote ya mezani itakayonunuliwa lazima ifanye kazi kikamilifu na seva yoyote ya SIP, bila leseni ya ziada. Kila simu tunayonunua leo isiyotimiza sharti hilo ni msumari mwingine kwenye mlango tunaotaka kuufungua. Nyingi ya zile za kidijitali tulizonazo hazitatufaa baada ya kuhama, na hilo nalisema wazi ili msije mkashtuka. Zitazeeka zenyewe, tukizibadilisha kwa awamu.

Kuhusu ujumbe wa sauti, ninachohitaji ni seva mbili za kawaida, moja ikiwa akiba ya nyenzake, na likizo ndefu moja. Mtambo wa zamani utaendelea kupokea simu. Isipojibiwa, utaielekeza kwenye seva mpya kupitia laini ya SIP badala ya kuipeleka kwenye mashine ile iliyonigomea. Mpigaji hataona tofauti ila sauti itakayomkaribisha. Jambo likienda vibaya, narudisha njia ya zamani kwa kubadilisha mpangilio mmoja, dakika chache tu. Ndiyo maana naomba mwaka mmoja wa mkataba: niwe na pa kurudi. Muhula wa kwanza tuuache ukae. Muhula wa pili tuanze na jengo la TEHAMA, tuteseke sisi kwanza, kisha maktaba, kisha vitivo. Utawala na udahili mwisho.

Na wanafunzi wa kompyuta washirikishwe. Nina hakika hawajawahi kuingia chumba cha mtambo, kwa kuwa mkataba wa sasa unakataza mtu asiyeidhinishwa na wakala kugusa chochote mle. Wanajifunza itifaki ubaoni, na mtambo halisi uko mita chache chini ya darasa lao, mlango umefungwa. Mwaka jana mmoja alinisimamisha kwenye ngazi akaniuliza kama anaweza kuona simu inavyopita kutoka chumba kimoja hadi kingine. Nilimjibu kwamba siruhusiwi. Kwenye mashine ya majaribio nitamfungulia kumbukumbu, ausome mwenyewe ujumbe ambao simu hutumiana kwa SIP: INVITE (mwaliko) ikiondoka, 180 ikirudi simu inapolia, 200 mtu anaponyanyua, na BYE anapokata. Atafute makosa kwenye msimbo, ayasahihishe, na jina lake liingie kwenye mradi unaotumiwa ulimwenguni kote.

Mashine hiyo ya majaribio ninayo tayari. Niliijenga kwenye kompyuta iliyokuwa imeandikwa kwenye orodha ya vifaa vya kutupwa, na Mkurugenzi wa TEHAMA aliniruhusu kuiunganisha na mtambo wetu kwa njia moja tu. Kutoka simu yoyote ya mezani hapa chuoni pigeni namba ya ndani 7000, wakati wowote. Itawakaribisha kwa Kiswahili kilichonyooka na kuwataja saa ilivyo kweli. Acheni ujumbe, semeni mnalofikiri juu ya barua hii, na kila ujumbe nitausikiliza mwenyewe. Kisha njooni chumba cha mtambo, siku yoyote baada ya saa nane mchana, niwaonyeshe faili lenu lilipo.

Wenu katika utumishi,

Fundi Mwandamizi wa Simu,
Kurugenzi ya TEHAMA